Kuipangia Njia Sauti ya Simu Katika Swichi ya Mtandao

Zamani waya wa simu ulikuwa na kazi moja tu. Ulitoka mezani kwa mwenye simu, ukafika katika nyumba ya mitambo, na kwa muda wote ambao watu wawili walikuwa wakizungumza, njia ile ilikuwa mali yao peke yao. Hapakuwa na mwingine aliyeweza kupita humo. Siku hizi, katika ofisi nyingi, vyuo na hospitali, waya huo umeondolewa. Simu ya mezani huchomekwa katika waya ule ule unaochukua barua, hesabu, picha na filamu, na vyote hivyo hukutana katika kisanduku kimoja kiitwacho swichi. Makala haya yanakusudia kueleza kisanduku hicho hufanya nini, na namna ya kukipanga ili maneno ya mtu yamfikie mwenziwe yakiwa kamili. Yaweza kudhaniwa kuwa hayo ni mambo ya mafundi peke yao. Lakini maadamu kinachosafirishwa humo ni lugha, na maadamu katika Afrika ya Mashariki lugha hiyo aghalabu ni Kiswahili, wanaoishughulikia lugha nao wana neno la kusema.

Na wachukuliwe muuguzi wa zamu ya usiku na daktari aliyeko nyumbani kwake, wanaoongea kwa simu juu ya mgonjwa. Daktari asema, "Apewe dawa ile", au asema, "Asipewe dawa ile". Baina ya amri na katazo hapana ila silabi moja, nayo ni *si*. Silabi hiyo ikipotea njiani, sentensi haivunjiki, wala muuguzi hapati dalili yoyote ya kumfanya aulize. Atasikia sentensi nyingine iliyo sahihi kwa sarufi, yenye maana kinyume cha ile iliyosemwa. "Nitakuja" na "sitakuja" hutengwa na konsonanti moja ya mwanzo. "Atakuja" na "hatakuja" hutengwa na *h*, sauti dhaifu kuliko karibu zote katika lugha hii, ambayo hata bila ya simu wasemaji wengine huidondosha. Ni kweli kwamba Kiswahili kina kinga yake mahali pengine: "anapenda" na "hapendi" hutofautiana mwanzoni, katikati na mwishoni, hata kama sehemu moja imemezwa, nyingine zitashuhudia. Lakini kinga hiyo haipo katika wakati ujao, wala haipo katika namna ya kuamrisha kwa adabu, na hizo ndizo sehemu za lugha zinazotumiwa sana watu wanapopeana ahadi na maagizo kwa simu. Kwa hiyo malalamiko ya kila siku kwamba "sauti inakatika" hayafai kupuuzwa kama usumbufu mdogo tu.

Kabla ya kuigusa swichi, yapasa kujua sauti huwa nini inapoingia wayani. Simu ya kawaida hupokea mitetemo ya sauti iliyo baina ya 300 na 3400 kwa sekunde, na kuacha iliyobaki. Mitetemo hiyo hupimwa mara 8000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu za biti 8. Basi sekunde moja ya maneno huwa biti 64,000. Huu ndio utaratibu wa kodeki iitwayo G.711, iliyokubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ITU, mwaka 1972, na hata leo ingali ikitumika mno. Msomaji aliyesoma fonetiki atatambua mara moja kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya *s* iko juu ya mitetemo 3400, yaani nje ya mpaka. Konsonanti ile inayobeba ukanushi wa "sitakuja" huanza safari yake imekwisha kupunguzwa.

Mtandao hausafirishi mkondo wa maneno kama maji katika bomba. Huyakata vipande na kuvifunga. Kwa desturi kila kipande ni cha milisekunde 20, chenye baiti 160 za sauti, na kila sekunde hutoka vipande 50. Kila kimoja hufungwa katika pakiti yenye anwani na nambari ya mfuatano, mambo yanayochukua baiti 40. Kisha pakiti hutiwa katika fremu ya waya, nayo yaongeza baiti 18, na lebo itakayoelezwa baadaye yaongeza 4. Jumla ni baiti 222, ambazo 62 kati yake si sauti bali ni vifungashio. Mazungumzo mamoja basi yahitaji kilobiti 88.8 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Watu 20 wakizungumza kwa wakati mmoja hawafikishi hata megabiti 2, ilhali waya wa kawaida wa ofisi hupitisha megabiti 100 au 1000. Hapo ndipo wengi hukosea: hutazama hesabu hii, wakaona nafasi ni tele, wakahitimisha kwamba swichi haiwezi kuwa na lawama.

Ubaya ni kwamba hesabu hiyo ni ya wastani, na sauti haiishi katika wastani. Na ichukuliwe swichi yenye poti 24, iliyounganishwa na sehemu nyingine ya jengo kwa waya wa megabiti 10 kwa sekunde, kama zilivyo bado njia nyingine za redio baina ya majengo. Kompyuta moja ikianza kupeleka nakala ya kumbukumbu zake za siku, huzimimina fremu za baiti 1500 kwa kasi kubwa kuliko uwezo wa njia ile. Fremu moja ya ukubwa huo huchukua milisekunde 1.2 kupita. Fremu 100 zikiwa zimejipanga katika foleni mbele ya pakiti ya sauti, pakiti hiyo itangoja milisekunde 120 kabla ya kutoka mlangoni. Baada ya muda mfupi foleni inakwisha, na pakiti inayofuata yapita bila ya kungoja. Mtu aliyesimama akitazama matumizi ya siku nzima ataambiwa kwamba njia imetumika kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na ataambiwa kweli.

Maovu yanayoweza kuipata sauti njiani ni matatu. La kwanza ni kuchelewa. ITU, katika pendekezo lake G.114, yashauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani mwa msemaji hata sikioni mwa msikilizaji. Ikizidi hapo, watu huanza kukatizana maneno, kila mmoja akidhani mwenziwe amenyamaza. Wakazi wa pwani na bara la Afrika ya Mashariki waliijua hali hiyo vizuri. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti na nchi za ng'ambo yalipita katika setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na hata nuru yenyewe huhitaji milisekunde 240 kwa safari hiyo. Wakati huo ilikuwa haki kuulaumu umbali. Leo ucheleweshaji mwingi wa kuudhi hutokea ndani ya jengo lenyewe, katika mita mia za waya, na kuilaumu bahari ni kuionea.

La pili ni kule kuchelewa kusiko na kipimo kimoja: pakiti hii imengoja milisekunde 2, ya pili 60, ya tatu 5. Kiswahili bado hakijatulia juu ya jina la jambo hili. Wako wasemao "mtikisiko", na neno hilo si baya, ila humfanya mtu afikiri kwamba sauti yenyewe inatetemeka. "Kuyumba" laelekea kuwa bora, kwa kuwa linaeleza mwendo usioshika hatua, na ndilo litakalotumiwa hapa. Simu hujikinga na kuyumba kwa kuweka akiba: hupokea pakiti na kuzishika kidogo kabla ya kuzitamka, ili zilizochelewa zipate kuwahi. Akiba kubwa hufuta kuyumba lakini huongeza kuchelewa, kwa hiyo haiwezi kukuzwa ovyo. Wapangaji wa mitandao hujitahidi kuyumba kusizidi milisekunde 30.

La tatu ni kupotea. Foleni ya swichi ikijaa, pakiti inayokuja hutupwa. Barua ikipoteza pakiti, kompyuta huomba irudishwe na msomaji hajui lolote. Sauti haina nafasi hiyo, kwani neno lililorudiwa baada ya nusu sekunde halina mahali pa kuwekwa. Vilevile pakiti iliyochelewa kupita akiba huhesabiwa kuwa imepotea. Kiasi kinachotakiwa ni kupungua chini ya 1 katika 100, lakini hapa pia wastani hudanganya. Simu zina ufundi wa kuziba pengo: katika utaratibu ulioambatanishwa na G.711 mwaka 1999, simu hurudia sura ya sauti iliyotangulia, na baada ya milisekunde 10 huanza kuififisha kidogo kidogo, hata ikifika milisekunde 60 hunyamaza kabisa. Pakiti moja ikipotea katikati ya irabu, sikio halitambui. Zikipotea nne au tano mfululizo, ambazo ni milisekunde 80 au 100, inakwenda konsonanti nzima. Na kwa kuwa pengo huzibwa kwa sauti iliyotangulia, *a* ya "asipewe" yaweza kurefushwa ikaifunika *s* iliyofuata. Msikilizaji hasikii pengo. Husikia mtu aliyeivuta irabu. Pakiti tano zilizopotea mahali pamoja zaweza kugeuza agizo, ilhali tano zilizotawanyika katika dakika nzima zisidhuru kitu, na taarifa ya mtambo itaonyesha hesabu ile ile kwa zote mbili.

Sasa swichi. Ziko za aina mbili. Moja ni ile isiyo na maagizo, ambayo hupokea fremu na kuitoa katika poti inayofaa, wa kwanza kufika wa kwanza kutoka. Ya pili ni swichi ya kusimamiwa, ambayo mwenyewe aweza kuingia ndani yake kwa kompyuta na kuiambia nani apite wapi na nani atangulie. Kwa simu, ya kwanza haifai ila katika ofisi ya watu wachache. Lakini swichi ya kusimamiwa iliyonunuliwa kwa bei kubwa na kuachwa kama ilivyotoka dukani mara nyingi haipiti ile ya kwanza kwa lolote.

Kazi ya kwanza ni kuutenga mtandao wa sauti na ule wa kompyuta ndani ya swichi ile ile. Mafundi huuita kila mgawo VLAN, nao ni kama vyumba vya nyumba moja visivyo na mlango baina yao. Utaratibu wake uliwekwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1998 kwa jina la 802.1Q. Kila fremu hutiwa lebo ya baiti 4, na ndani ya lebo hiyo mna nambari ya chumba, ambayo yaweza kuwa 1 mpaka 4094. Na isemwe kwamba kompyuta zimepewa nambari 10, na simu 20. Kwa kuwa simu nyingi za mezani zina swichi ndogo ndani yake, kompyuta huchomekwa nyuma ya simu na vyote viwili hutumia waya mmoja wa ukutani. Basi poti huagizwa ichukue fremu za chumba 10 bila ya lebo, kwa kuwa kompyuta haijui habari za lebo, na za chumba 20 zikiwa na lebo. Simu yajuaje kwamba chumba chake ni 20? Swichi huitangazia kwa lugha ya mashine iitwayo LLDP-MED, iliyokubaliwa mwaka 2006, na afadhali kuitumia hiyo kuliko kuzunguka meza baada ya meza ukiandika nambari kwa mkono.

Makosa yaliyo mengi katika kazi hii hayako katika poti za simu bali katika waya uunganishao swichi na swichi. Waya huo haujui chumba 20 mpaka uambiwe. Fundi hupanga ghorofa ya chini, simu zikaita. Akapanga ya juu vivyo hivyo, na simu zikabaki zikitafuta anwani bila ya kupata, kwa sababu seva ya kugawa anwani iko chini na njia ya chumba 20 haikufunguliwa baina yao. Kila waya wa kati sharti uandikiwe vyumba vyote viwili, pande zote mbili.

Iko dhana nyingine iliyoenea, nayo ni kwamba sauti ikisha kutengwa katika VLAN yake imekwisha kupata upendeleo. Sivyo. Kutenga kunazuia makelele ya matangazo ya kompyuta yasizifikie simu, na kunasaidia ulinzi, kwani aliyeko chumba 10 hawezi kwa urahisi kuyadukua mazungumzo ya chumba 20. Lakini katika waya wa kati wenyeji wa vyumba vyote hupanga foleni moja. Upendeleo ni jambo jingine, na hupatikana kwa alama.

Alama ziko mbili. Katika lebo ile ya 802.1Q zimewekwa biti 3 za cheo, toka 0 hata 7, na sauti kwa mazoea hupewa 5. Lebo hiyo hata hivyo huvuliwa fremu inapoingia katika ruta, kwa hiyo iko alama ya pili iliyo ndani ya pakiti yenyewe, isiyovuliwa. Hiyo ni ya biti 6, iitwayo DSCP, iliyoelezwa na wahandisi wa intaneti wa IETF mwaka 1998. Sauti hupewa 46. Nambari hizi mbili hazikuokotwa tu: 46 ikiandikwa kwa biti huwa 101110, na biti tatu za mbele, 101, ni 5. Ujumbe wa kuita na kukata simu, ambao si sauti yenyewe, aghalabu hupewa 24, ambayo kwa njia ile ile yalingana na cheo 3. Ujumbe huu wasahauliwe, na simu itakuwa na sauti safi lakini ichelewe kulia.

Aandikaye alama ni simu; swali ni kama swichi iiamini. Lau kila bahasha iliyopelekwa posta ingepitishwa mbele kwa kuwa mwenyewe ameiandika "haraka", baada ya mwezi mmoja zote zingeandikwa hivyo. Kompyuta nazo zina programu zinazoweza kujiandikia 46. Kwa hiyo swichi huagizwa iamini alama za simu iliyojitambulisha, na za kompyuta iliyo nyuma yake izifute ziwe 0. Upande wa pili wa kosa hili ni mbaya zaidi, kwa maana hauonekani: swichi nyingine, zikiwa hazikuambiwa neno lolote juu ya kuamini, hufuta alama zote, na simu hubaki ikiandika 46 kwa uaminifu siku nzima, ilhali swichi inaisugua kila mara. Njia ya kugundua ni kunasa pakiti chache upande wa mbali wa mtandao na kuzisoma. Kusoma maagizo peke yake hakutoshi.

Alama haina faida mpaka iwepo foleni ya kuitii. Swichi za kusimamiwa huwa na foleni nne au nane kwa kila poti, na kila cheo hupangiwa foleni yake. Foleni ya sauti hufanywa ya kutangulia daima: maadamu humo mna kitu, hakuna kingine kitakachotoka. Zilizobaki hupokezana kwa uzani, kwa mfano hii fremu nne na ile moja. Turudi kwenye mfano wa njia ya megabiti 10: pakiti ya sauti ikiikuta ile foleni ya fremu 100, haitangoja tena milisekunde 120. Itangoja ile fremu moja iliyokwisha kuanza kutoka, ambayo haiwezi kukatwa katikati, nayo ni milisekunde 1.2 kwa uchache wa bahati. Tofauti yote baina ya simu inayosikika na isiyosikika ni hiyo, na haikuhitaji waya mpya wala fedha.

Foleni ya kutangulia daima, hata hivyo, yataka mpaka. Ikiachiwa ichukue njia yote, siku ambayo kifaa kibovu kitatoa mafuriko yenye alama 46, barua na hesabu za jengo zima zitasimama. Wapangaji wengi hupendelea sauti isipite theluthi ya njia. Watu 20 katika njia ya megabiti 10 hawafiki hata moja ya tano, basi nafasi ipo. Yafaa pia kuangalia ni foleni ipi swichi yenyewe iliipangia cheo 5 kiwandani. Watengenezaji hawakubaliani juu ya jambo hili, na zimo swichi ambazo cheo 5 na 4 hulala katika foleni moja, hivyo sauti hujikuta pamoja na filamu za mikutano.

Upendeleo huu ukomo wake ni ukuta wa jengo. Pakiti ikisha kutoka kwenda katika intaneti, hakuna anayelazimika kuitii 46. Na hata kabla ya hapo, katika kifaa cha kampuni ya intaneti kilicho mlangoni, mara nyingi mna foleni ndefu isiyojua vyeo. Dawa yake ni kuiagiza ruta ya ofisi itoe pakiti kwa kasi iliyo chini kidogo ya ile iliyonunuliwa, ili foleni ijengeke ndani ya ruta, ambako vyeo vinaheshimiwa, isijengeke katika kifaa cha watu.

Yako mambo ya poti yenyewe ambayo yaweza kuelezwa kwa ufupi. Waya ukiwa na upande mmoja umeagizwa kwa mkono kuwa wa pande mbili kwa wakati mmoja, na upande wa pili umeachwa ujichagulie, ule wa pili utajichagulia kupokezana, na fremu zitagongana. Afadhali pande zote ziachwe zipatane zenyewe. Tena, swichi hujilinda na njia za mzunguko kwa kuichunguza poti mpya kabla ya kuifungua, na katika utaratibu wa zamani uchunguzi huo ni wa sekunde 30, ambazo simu yaweza kukata tamaa ya kupata anwani. Poti za simu na kompyuta huagizwa zifunguke mara moja, pamoja na agizo la kujifunga endapo mtu atachomeka swichi nyingine hapo. Swichi zenye kuzima umeme wa poti isiyo na kazi ili kubana matumizi zimekwisha kuleta taabu kwa baadhi ya simu. Sauti ikikatika bila ya sababu, hilo nalo lizimwe lijaribiwe.

Umeme wataka maneno zaidi. Simu ya zamani ililishwa na betri za nyumba ya mitambo, volti 48, na taa za mji mzima zikizimika yenyewe iliendelea kufanya kazi. Simu ya mtandao hulishwa na swichi kupitia waya wa mtandao, kwa kanuni ya IEEE ya mwaka 2003 inayoruhusu wati 15.4 kwa poti, au ya mwaka 2009 inayofikia wati 30. Poti 24 kwa wati 15.4 ni karibu wati 370, na swichi nyingi za bei ya wastani hazina kiasi hicho. Kwa bahati simu hujitangazia daraja yake, na za daraja ya 2 hutengewa wati 7 tu, yaani 168 kwa simu 24. Lakini akiongezwa mtu wa kamera na mitambo ya redio katika swichi hiyo hiyo, hesabu hukatika, na swichi huacha kuzilisha poti inazoziona za mwisho. Hapana budi poti ya wodi, ya mlinzi wa lango na ya chumba cha dharura zipewe daraja ya kwanza katika agizo la umeme, ambalo ni agizo jingine kabisa na lile la foleni. Na swichi yenyewe, pamoja na ruta na seva ya simu, iwe katika betri ya akiba. Betri ikiwekewa seva peke yake, umeme ukikatika kutakuwa na seva iliyo macho na simu zilizokufa.

Kujaribu hakufai kufanywa Jumamosi jioni jengo likiwa tupu. Mtandao wajazwe kwanza: kompyuta mbili zipelekeane faili kubwa kupitia ule waya wa kati ulio mwembamba kuliko zote, kisha ndipo simu ipigwe. Katika swichi zisomwe hesabu za pakiti zilizotupwa, foleni kwa foleni. Ya sauti yatakiwa kuwa 0, na zile nyingine zikiwa zimetupa kiasi, ni dalili kwamba vyeo vinafanya kazi. Simu nyingi nazo huonyesha kuyumba na kupotea mazungumzo yakiendelea.

Hapo ndipo wataalamu wa lugha waweza kutoa msaada ambao mafundi hawana. Desturi ya kujaribu kwa "haloo, haloo, moja, mbili, tatu" haipimi kitu, kwa kuwa anayesikiliza amekwisha kujua litakalosemwa, na akili yake hulijaza pengo kabla ya simu kulijaza. Afadhali itungwe orodha ya jozi ambazo maana yake hutegemea sauti moja, isomwe kwa kuchanganya, na aliyeko upande wa pili aandike alichosikia bila ya kuuliza: *atakuja* na *hatakuja*, *nitampa* na *sitampa*, *apewe* na *asipewe*, *aende* na *asiende*, na kwa konsonanti peke yake, *fua* na *vua*, *pasi* na *basi*, *sana* na *zana*. Jozi arobaini zatosha kwa dakika chache. Isomwe mara moja mtandao ukiwa umelala na mara ya pili ukiwa umejaa. Ikiwa makosa ni yale yale nyakati zote mbili, lawama ni ya kodeki na mpaka wake wa mitetemo 3400, na dawa yaweza kuwa kodeki pana kama G.722, inayofikisha mitetemo 7000. Yakizidi mtandao unapojaa, na hasa yakizidi katika zile jozi za *si-* na *ha-*, basi foleni haijapangwa, hata kama maagizo yote yanaonekana kuwa mahali pake.

Mwishowe, swichi nyingi hushika maagizo mapya katika kumbukumbu ya muda tu, na huyasahau yote umeme ukizimwa. Lisisahauliwe agizo la kuyahifadhi, ambalo ni la peke yake. Na nambari za vyumba, vyeo na foleni ziandikwe katika karatasi iwekwe ndani ya kabati la swichi, kwa ajili ya atakayelifungua kabati hilo usiku.